Vidumu Vitano vya Maziwa

Nilirudi kutoka semina ya mazingira nikiwa moto. Siku mbili tulikaa kwenye hoteli moja mjini Arusha tukifundishwa namna ya kuwafundisha watoto habari za taka na mabadiliko ya tabianchi, na kila baada ya mada tuligawiwa maji ya chupa. Mimi peke yangu nilikunywa chupa saba. Hakuna aliyeuliza zilikokwenda.

Jumatatu nikaingia darasa la tano, shuleni kwetu Kimandolu, nikatoa amri: kila mwanafunzi alete plastiki tano za kutupwa. Tungezikata, tuzijaze udongo, tupande mchicha na kuzitundika ukutani, maana Ijumaa afisa elimu alikuwa anakuja. Sitajifanya mtakatifu. Afisa elimu alikuwa kichwani mwangu kuliko hiyo tabianchi.

Jumanne wote walileta, isipokuwa binti mmoja wa dawati la mbele, ambaye kila asubuhi huteremka kutoka huko juu mlimani, kwenye migomba na kahawa. Alisimama akasema, "Kwetu hakuna taka, mwalimu."

Mimi nina hasira za karibu, kila aliyepita mikononi mwangu anajua. Nikamwambia hakuna nyumba isiyo na taka, kwamba huo ni uvivu tu, na kesho asikanyage darasani kwangu mikono mitupu. Darasa likacheka. Nami nikajiona nimesema.

Jumatano alikuja na vidumu vitano vya lita tano, vyeupe, vimesuguliwa mpaka vinang'aa. Nikampongeza mbele ya wenzake. Plastiki yake ilikuwa ngumu, nikaona watoto watajikata, basi nikachukua kisu nikavikata mwenyewe. Yeye alinishikia kila kimoja kisiteleze.

Alhamisi, kipindi cha kwanza, mama mmoja alisimama mlangoni, khanga begani, kandambili zimejaa tope.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama. Karibu."

"Mimi ni mama yake huyu wa mbele. Jana nilitafuta vidumu vyangu vya maziwa sikuviona. Akaniambia mwalimu amesema kila nyumba ina taka, amevipeleka shule. Nikamchapa kwa kuchukua vitu bila kuuliza. Akashikilia hayo hayo, nikamchapa tena kwa kumsingizia mwalimu. Sasa nimekuja kuuliza. Ni kweli?"

Niseme tu, uongo ulinijia haraka. Ningeweza kujibu kwamba mtoto hakunielewa vizuri. Watoto huwa hawaelewi mambo mengi, nani angebisha? Mwalimu mkuu mwenyewe alikuwa anapita na kikombe chake cha chai. Nikamtazama yule binti. Alikuwa ameinamia daftari ambalo hata hakulifungua, na mabega yamepanda mpaka masikioni. Niliona aibu, aibu ya kutoka jasho.

"Ni kweli," nikasema. "Alinikatalia. Mimi ndiye nilimlazimisha."

Bora yule mama angenitukana. Aliangalia tu ukutani, vidumu vyake vinaning'inia na udongo ndani, mchicha wenyewe haujaota.

Nikamwambia nitamletea vingine jioni hiyo hiyo.

"Sawa," akasema. "Maziwa ya leo nimegawia majirani, hayangojei. Lakini si vidumu vilivyonileta."

Akaomba ruhusa ya kuingia. Akaenda mpaka dawati la mbele, akainama. "Pole, mama," akamwambia binti yake. "Nimekupiga bure." Akamshika kichwa kidogo, akaniaga kwa heshima zote, akashika njia ya kwao.

Darasa zima likanigeukia. Wako themanini na ushee. Nimeshika chaki miaka kumi na tisa bila kumwomba mtoto msamaha. Chuoni hatukufundishwa, na kwenye semina haikuwamo. Lakini mwenzangu alikuwa ameshafanya lake mbele yao, nami nilikuwa na la kwangu.

Nikamwita binti aje mbele. Alikuja haraka. Nilikuwa bado natafuta neno la kuanzia alipofika, akafumba macho, akaninyooshea mkono, kiganja juu, akasubiri fimbo.