Siku Niliyoulaumu Unene wa Bi Zuhura

"Kama ni unene, mwanangu, mbona mwezi uliopita nilikuwa mnene vivi hivi na mkasema kipimo kiko chini?"

Bi Zuhura aliniuliza hivyo mbele ya wanawake wote wa harusini, mimi niliyezoea kumhoji kila mtu tangu chuoni. Mpaka leo nikikumbuka natamani kujifunika buibui mpaka machoni.

Nilikuwa nasaidia utafiti wa watu wanene wenye kisukari. Tulikuwa tukiwatoa damu na kupima CRP, ile inayopanda mwili unapowaka ndani kwa ndani, na mafuta ya tumboni nayo huisukuma juu kidogo kidogo. Ya Bi Zuhura, jirani yetu hapa Kizingitini, safari hii ilirudi imepanda vibaya. Ningeweza kumwita chemba nikamweleza. Lakini nilimkuta anamwoza binti yake, uani wanawake wanakanda unga na kukaanga mahamri, mwenyewe ameshika kisahani cha halwa, nikaona (kichwa changu hiki!) hapa ndipo pa kuwafunza wote kwa mpigo, nikampokonya kisahani na kutangaza kwamba kipimo chake kimepanda, mafuta yanamchoma kwa ndani.

Ndipo akauliza. Wakaangua kicheko.

"Mjibu basi, daktari wa halwa!" akasema wifi yake.

Nikaona nikinyamaza nimekwisha, nikasema nitamkagua miguu hapo hapo. Bi Zuhura akaivuta chini ya leso.

"Wacha, mwanangu, yeo ni harusi."

Nikaing'ang'ania. Nyayo zilikuwa nyeusi kwa hina mbichi, imekolea mpaka katikati ya vidole.

"Mnaona? Miguu salama. Ni mafuta tu." Na kwa kujionyesha nikaubinya mmoja.

Kidole gumba changu kikazama.

Harufu ilitangulia, usaha ukafuata. Yeye hakushtuka (kisukari kilishaua hisia za mguu ule), alinitazama usoni tu, na mimi msomi nikapepesuka, nikakaa kitako ndani ya karai la unga. Hakucheka mtu.

"Ya Rabbi, mguu wake," wifi akanong'ona, kisha kelele zikaanza, atafutwe mwenye boti, apelekwe hospitali ng'ambo, Amu, kumbe maji yametoka na boti imelala mchangani, ikabidi tungoje, yeye homa inampanda mikononi mwangu, mimi unga umenigandia nyuma, na msikitini nikaha inafungwa.

Walimkata vidole viwili. Mguu ulipona.

Tangu siku hiyo majibu ya mtu nampa mwenyewe, faraghani, na kabla sijaulaumu unene wake namuuliza anaumwa wapi, halafu natazama hata asiposema.

Binti yake alikuwa ameshazaa wa pili aliponiambia kwamba kidonda mamake alikijua. Hina ile alijipaka kwa mkono wake, asije akavushwa Amu kabla hajamwoza mwanawe.