Karanga na Ushemasi Wangu

Mimi si mtu wa kusema uongo. Watu wa kanisa letu kule Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, wanalijua hilo, na ndiyo maana walinipa ushemasi nikiwa bado kijana. Uongo mkubwa katika maisha yangu ni mmoja tu, nilimwambia mpishi wa shule, na ningeambiwa nirudie leo ningeurudia bila kupepesa macho.

Binti yangu alikuwa na miaka saba. Mama yake alibaki Nakivale na wadogo wa binti huyo, akilima shamba letu. Mimi niliuza mitumba Mbarara, na binti nilikaa naye mjini kwa sababu ya shule. Jumamosi tulirudi nyumbani, Jumapili tulikuwa kanisani, na Jumatatu alfajiri tulikuwa tena barabarani.

Jumamosi moja, tukipita soko la Base Camp, hapo hapo Nakivale, nilimnunulia karanga za kukaanga. Hakumaliza hata nusu ya kiganja. Midomo ilimvimba, macho yakafumba, na aliponiita sauti haikutoka. Nilimbeba mgongoni nikakimbia naye mpaka kliniki, mtu mzima na viatu mkononi. Walimchoma sindano, na baada ya muda akaanza kupumua kama binadamu. Daktari aliniambia kwamba mwili wa mtoto huyu unaikataa karanga, inaitwa aleji, na kwamba siyo karanga tu, hata kijiko kilichogusa karanga kinaweza kumuua. Akaandika barua ya kupeleka shuleni.

Mwalimu mkuu aliisoma barua ile mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa kwa heshima zote, akaifungia kwenye faili. Nikaondoka nimejaa fahari, nikijiona baba wa mfano.

Wiki ya pili nikaitwa kutoka kwenye meza yangu ya mitumba. Binti alikuwa amelala kwenye benchi la ofisi, uso umevimba, anakoroma. Namshukuru Mungu hospitali haikuwa mbali. Alipopata nafuu nilirudi shuleni na hasira zangu zote, moja kwa moja jikoni.

Shule ile ilikuwa jirani na kambi ya jeshi, na mpishi alikuwa mke wa askari, mama mnene mwenye mikono ya kubeba gunia. Alikuwa anakoroga maharage, na katikati ya sufuria alikuwa amemimina uji mzito wa karanga, kama wanavyopenda huko.

“Mzee, mimi nilitoa karanga,” alisema kabla sijafungua mdomo. “Nilichotea yeye huku pembeni. Karanga haikufika pembeni.”

“Mama, daktari aliandika barua.”

“Barua niliona. Lakini karanga inaua nani? Mimi napikia askari miaka mingi, hakuna mtu alikufa na karanga.”

Nilimtazama nikaona hana ubaya. Alikuwa tu haamini, na utamlindaje mtoto na upawa wa mtu asiyeamini? Kesho angechota tena pembeni. Nikafikiria koo la mwanangu, na maneno yakanitoka yenyewe.

“Mama, kwetu karanga ni mwiko ya ukoo. Tangu bankambo, babu za babu zetu, hakuna mutu wa kwetu anakula.”

Upawa ulisimama.

“Ni muziro?” akauliza, maana ndivyo wanavyouita mwiko wa ukoo kwao.

“Ndiyo. Muziro.”

“Sasa wewe unaniletea barua ya dokta kwa nini? Si ungesema!” Sasa yeye ndiye aliyekasirika. “Mimi mwenyewe ni wa ukoo wa senene. Nikila senene, ngozi yote inatoka mabaka. Bwana yangu anakula, basi nyumbani sufuria yake iko peke yake, kijiko peke yake, na akimaliza ananawa na sabuni ndipo anagusa mtoto. Wewe unafikiri mimi sijui hiyo kazi?”

Aliijua kuliko mimi, kuliko mwalimu mkuu, na nathubutu kusema aliijua sawasawa na daktari. Siku ileile alitenga sufuria ndogo, akafunga uzi mwekundu kwenye mpini wa upawa wa mtoto, na tangu hapo binti yangu alipakuliwa wa kwanza, kabla karanga haijatoka kwenye mfuko. Watoto nao hawakuhitaji kufundishwa. Kila mmoja alikuwa na muziro wake, huyu uyoga, yule nyama fulani, wakawa wanaulizana wakati wa chakula, na binti yangu alifurahi kuwa naye ana wa kwake. Muhula mzima ukapita bila uvimbe hata wa kidole. Nilijipongeza sana, sifichi.

Kosa langu lilikuwa kwamba sikumwambia mtoto ukweli.

Jumapili ya mavuno, baada ya ibada, wamama wa kwaya walipakua sombe, yaani kisamvu, iliyoungwa kwa karanga. Mmoja akamnyooshea binti yangu sahani. Binti akaweka mikono nyuma na kusema kwa sauti, kama alivyozoea shuleni:

“Apana, mama. Kwetu hatukulaka karanga. Ni mwiko ya ukoo.”

Kelele zote za vyombo zilikufa. Lazima nieleze. Kanisa letu, tangu kule kwetu Kivu ya Kusini, Kongo, halichezi na miko ya mababu. Mtu akiokoka, anakula mwiko wake mbele ya watu wote, kuonyesha kwamba ameachana nao. Na anayeshika bakuli siku hiyo ni shemasi. Mimi mwenyewe nilimshikia bakuli mzee mmoja aliyekuwa anatetemeka kwa hofu, nikamwambia, meza, baba, usiogope. Nilijivunia siku ile.

Jumapili iliyofuata bakuli lilikuwa mbele yangu. Karanga za kukaanga, zimejaa mpaka juu.

“Ndugu,” mchungaji alisema kwa upole, “batu banasema uko na mwiko ya bankambo.”

Nikasimama nikasema yote: kliniki, barua, mpishi, uongo wangu. Nikaomba msamaha kwa uongo ule. Watu waliitikia, wengine wakacheka kidogo, nikadhani yamekwisha.

“Tumesikia, na tumekusamehe,” mchungaji akasema. “Basi ugonjwa ni ya mutoto. Wewe uko muzima. Kula kidogo tu, batu baone, tumalize.”

Hapo alinishika, kwa sababu alikuwa na haki. Karanga ninazipenda kuliko nyama. Nikachukua chache kiganjani, na nikiwa nazinyanyua nikamwona binti yangu. Alikuwa kwenye mkeka wa mbele pamoja na watoto, mdomo wazi, macho kwenye mkono wangu. Mtoto yule aliniiga kila kitu, mpaka namna ninavyokohoa. Angeniona nakula, natabasamu, na sifi. Yote ninayoyasema kuhusu karanga yangekuwa maneno tu, na kesho yake angejaribu.

Niliogopa kuliko nilivyoogopa njiani siku tuliyokimbia kwetu. Nikazirudisha karanga kwenye bakuli moja moja.

“Sitakula,” nikasema. “Leo wala siku ingine.”

Walinivua ushemasi siku hiyohiyo. Mchungaji hakufurahi kufanya vile, nami sikumlaumu, ingawa niliumia. Mke wangu alilia njia nzima. Binti alinishika mkono.

Jumatatu nilikwenda jikoni. Niliyeungama kwa kanisa sikuweza kumficha mpishi, ingawa nilijua ninachohatarisha. Nikamwambia kwamba hatuna mwiko wowote, kwamba ni aleji tu kama ilivyoandikwa kwenye barua, na kwamba nilipewa karanga nile mbele ya kanisa zima, nikakataa, wakaninyang'anya cheo.

Alinisikiliza akiosha sufuria ndogo. Aliisugua ndani, akaisugua nje, akaitundika kwenye msumari wake.

“Ulikataa mbele ya watu wote?”

“Mbele ya wote.”

“Na cheo wakachukua?”

“Wakachukua.”

“Mzee, hiyo aleji yako mimi sijui,” alisema, akichukua upawa wenye uzi mwekundu. “Lakini hiyo ni muziro.”