Mota mbili na uongo mmoja wa Kang'ethe

Saa nne asubuhi Kang'ethe anawasha mota mbili katika karakana yake ya kuchomelea vyuma, mtaani Gitothua, Ruiru, kisha anarudi nyuma hatua tatu. Ndani ya vikombe viwili vya bembea aliyowaundia watoto, leo hakuna watoto. Kuna magunia ya mchanga, moja limejaa, lingine nusu.

Vikombe vinazunguka, kila kimoja kwa mota yake, kwenye ncha za boriti moja. Boriti haina mota. Iko huru juu ya beringi, ikisukumwa na vikombe hivyo. Inaenda kulia, inasita, inarudi kushoto kwa kishindo. Kikombe kimoja kinatulia, halafu kinarushwa.

"Nimewasha mara ishirini tangu juzi," anasema fundi huyo wa miaka 41. "Haijarudia mwendo mmoja hata mara moja. Na hii kitu nilitengeneza mimi."

Aliibuni mwenyewe, na wakazi wa Mugutha, alikokuwa akiiweka uwanjani kila Jumapili, wanajua alivyojisifu. Kila mtoto alilipa shilingi hamsini. Jumapili nzuri ilimpa elfu tatu, pesa ambazo milango na madirisha hayakuwahi kumpa kwa siku.

Kabla ya kuifungua aliijaribu kwa magunia mawili yenye uzito sawa, aliyoyapima kwa mizani ya dukani. Ilienda vizuri kabisa. Lakini gunia halicheki, wala haliinami kumgusa rafiki yake upande wa pili.

Wiki sita zilizopita, Firdaus, msichana wa miaka minane, alirushwa nje akavunjika mkono. Mama yake, Zahra, alipofika mbio, Kang'ethe alitangulia kusema mbele ya umati: "Mtoto alisimama. Na niliwaonya!"

Firdaus hakusimama.

"Nilimwona. Alikuwa amekaa, ameshika chuma na mikono yote," anasema Kang'ethe, macho chini. "Mtoto analia, mimi natafuta vile nitajitoa. Haki, naona aibu. Hata kunyoa siku hizi najinyoa gizani."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya Kang'ethe ilirefuka kwa sababu hakuna aliyemshuku. Wazazi walimpa pole yeye. Watoto wa ploti anamoishi Firdaus nao wakampa jina jipya: Simama.

Jina hilo Kang'ethe alilisikia juzi akipita na toroli ya vyuma. Hapo ndipo alipojaza magunia na kuanza kuijaribu upya.

Adhuhuri anafunga karakana na kwenda kwa Zahra. Anakataa kiti. Anayasema yote akiwa mlangoni, bila kupumzika.



"Fundi," anasema Zahra, "huyu mtoto nilimgombeza njia yote mpaka hospitali."

"Nisamehe, Mama Firdaus."

"Mimi? Muulize mwenyewe."

Firdaus yuko nyuma ya mama yake; ametolewa plasta juzi na mkono bado ni mwembamba. Anamtazama mama yake kwanza. "Si nilikuambia sikusimama?"

Kang'ethe anaeleza mpango wake. Ataikata boriti, kila kikombe kiwe na nguzo yake. Na Jumapili, uwanjani Mugutha, atawaambia wazazi wote ukweli.

"Na watoto?" anauliza Firdaus.

"Na watoto pia. Jumapili."

"Wako hapo nje saa hii, wanarushiana mpira, wanacheza kati."

Kang'ethe anamtazama Zahra, ambaye hamsaidii. Anavua kofia na kumfuata msichana nje.