Majani Aliyoyachuma Esta

Nakumbuka asubuhi moja ya Juni, mwaka 2017, baridi ya Johannesburg imetukunja vidole hata kusuka ni taabu. Wakati huo, mwanangu, nilikuwa bado najihesabu kijana, ingawa mvi nilizipaka rangi kila Jumamosi. Nilikuwa na saluni ndogo Malvern, kwenye Jules Street, na Wakongomani wenzangu waliokuja kusukwa waliniita Daktari. Mama yangu alikuwa mjuzi wa mitishamba kule Uvira, nami nilijifunza kwake machache. Hayo machache niliyakuza, maana jina la Daktari ni tamu.

Simu ikalia, ya video. Alikuwa Esta, binti wa marehemu kaka yangu, aliyehamia na mumewe Norwei, kaskazini kabisa, ambako mwezi huo jua halitui. Mama yake, wifi yangu, alikuwa amekaa palepale kwenye kiti changu, nusu ya kichwa imesukwa.

"Tantine, mutoto anakohoa tangu juzi, hata kunyonya anakataa," Esta alisema, akiniita shangazi kwa Kifaransa chetu. "Lakini nimepata yale majani ya kifua ya kwetu. Angalia, nichemshe?"

Akainua fungu la vimea vifupi. Niliona majani ya mviringo, mazito, yanayong'aa, na maua madogo meupe yaliyoinama. Alisema aliyaona msituni nyuma ya nyumba. Theluji ilipoyeyuka, aliyakuta yangali mabichi, na hilo ndilo lililompa moyo. Kitu kinachoshinda baridi ya namna ile, alisema, hakiwezi kukosa nguvu ya kuponya.

Wateja wakanizunguka. "Ndiyo yenyewe!" mmoja akasema. Mwingine akanigusa bega: "Daktari, mwambie achemshe, mtoto anateseka."

Mwanangu, mmea ule sikuwahi kuushika maishani mwangu. Jina lake silijui hata leo. Lakini macho yote yalikuwa kwangu, na majani yale kweli yalifanana na ya mama. Nilifungua mdomo niseme ndiyo.

Wifi yangu akaninyang'anya simu.

"Wifi, unayajua hayo majani?"

"Yanafanana na..."

"Sikukuuliza yanafanana na nini. Huyo ni mujukuu wangu, sijamubeba hata siku moja. Kama unayajua, sema. Kama huyajui, sema pia, na useme sasa, mutoto angali muzima."

Masikio yaliniwaka moto. Nikasema, "Siyajui, Esta. Usimpe. Mpeleke hospitali." Mteja mmoja akaguna, "Eish, na huyu ndiye Daktari."

Esta akakata simu kwa hasira. Wifi yangu akafunika uso kwa taulo, akalia. Hakuna aliyemzidi kwa kutaka mtoto yule apone, na ndiye aliyemnyima binti yake jibu alilolitamani. Mimi niliendelea kusuka. Niliogopa, maana kama mtoto angekufa, wangesema nilikuwa na dawa nikaificha.

Jioni Esta akapiga tena. Alikuwa amebisha hodi kwa jirani, bibi mzee wa hukohuko, kuomba gari. Bibi yule aliona fungu mkononi mwake, akalitandaza mezani, akaanza kutenganisha. Kumbe ndani yake mlikuwa na mimea ya aina mbili. Mmoja ni ule wa majani ya mviringo yasiyokauka wakati wa baridi, na kila ua lake lina kijimkia kinachoning'inia nje. Mwingine majani yake ni marefu, yamechongoka, na maua yake ni vikengele visivyo na kijimkia. Huo wa pili ni sumu inayosimamisha moyo. Bibi akaufunga kwenye mfuko, akautupa, akawapeleka hospitali. Mtoto alikuwa na ugonjwa wa mapafu. Walimtibu, akapona.

Wifi yangu alifariki miaka miwili baadaye, hakuwahi kumbeba mjukuu wake. Inaniuma mpaka leo. Lakini mtoto yupo, na mdomo anao. Juzijuzi alininyooshea ua jeupe kwenye simu, akaniuliza, "Bibi, hili ni nini?"

Nikamwambia, "Sijui, mama."

Akacheka, akaligeuza polepole ili nione kijimkia, akanifundisha yeye.

Basi, mwanangu, na wewe wameanza kukuita mtaalamu, na nimeona unavyofurahi. Furahi, lakini ukiulizwa usichokijua, sema hujui, tena mapema, kabla hawajaanza kukushangilia, kwa sababu baadaye neno hilo huwa zito kulitoa. Na akitokea mtu wa kukuaibisha kwa ajili ya uhai wa mwingine, usimchukie. Mungu akupe mtu kama wifi yangu karibu na kiti chako, na akujalie kuwabeba wajukuu wako kwa mikono yako mwenyewe. Amina.