Magunia ya Nyasi

Mnicheke tu, nimestahili. Mimi msomi mzima, mwanafunzi wa uzamili wa sanaa za maonyesho, wiki iliyopita nilipeleka igizo langu kwenye kambi ya wakimbizi hapa Ngara. Lilihusu mgao wa chakula. Tulishindilia nyasi kwenye magunia, nami nikapuliza filimbi kama wagawaji wanavyofanya.

Watu wakainuka na ndoo zao, wakapanga foleni mbele ya waigizaji. Nilifurahi ajabu! Chuoni tulifundishwa kuwa onyesho bora ni lile linalowaingiza watazamaji jukwaani. Nikawapigia makofi, nikawahimiza wasogee.

Bibi mmoja aliyetangulia akaingiza mkono guniani, akatoa nyasi, akanitazama.

“Mwanangu,” akasema, “mbuzi wangu walibaki ng’ambo ya mto.”