Kumsindikiza Mchungaji

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, niliposimama kanisani Buffalo nikamwaibisha mume wangu. Nakuambia wewe kwa sababu mwezi ujao unaolewa na mchungaji, na hao wanaokupongeza hawatakuambia haya.

Sisi Wamethodisti wa milimani, Kivu ya Kusini kule Kongo, tulipoletwa Amerika kama wakimbizi tulitawanywa kama maharage yaliyomwagika. Familia nyingine Louisville, nyingine Columbus, nyingine Buffalo. Mchungaji alikuwa mmoja, mume wangu. Siku za kazi alipakia maboksi ghalani, na Jumamosi anashika barabara, wiki hii Louisville, wiki ijayo Buffalo. Nyumbani kwetu Reynoldsburg, kando ya Columbus, watoto walimjua baba yao akiwa amelala kwenye kochi na viatu mguuni.

Kisha akasinzia kwenye usukani akirudi kutoka Buffalo. Gari likaacha njia, likasimama majanini. Hakuumia. Alinisimulia akicheka, halafu akanikataza kumwambia mtu. Maana kwetu mchungaji hachoki! Waumini ndio huchoka, yeye huwaombea. Mimi nilibaki na watoto watatu na hofu iliyoninyima usingizi.

Safari iliyofuata ya Buffalo nikapanda gari pamoja naye, na watoto wote. Kanisa letu kule lilikuwa la kuazima, karibu na barabara ya Bailey. Wakati wa matangazo nikasimama. Mke wa mchungaji hasimami kwenye matangazo, isipokuwa kutangaza kikao cha akina mama.

"Muchungaji wenu alilala akiendesha gari," nikasema. "Mimi sitaki kumuzika sababu yenu."

Mume wangu alitazama Biblia yake. Mwanangu, nilitamani sakafu inimeze. Ndipo akainuka bibi mmoja, mkongwe kuliko wote pale, akanikazia macho.

"Bon, mama, juu ya nini ulinyamaza? Kule milimani, pasta alirudiaka peke yake siku gani? Tulikuwa tunamusindikiza mpaka ku mulima ya pili, na kanisa ya kule inamupokea."

Hapo hapo akawaita wanaume wawili wenye leseni. Mchana ule mmoja akaendesha gari letu, mwenzake akafuata na lake, hadi kituo cha mafuta nje ya Cleveland. Walikuwa wamepiga simu Columbus, na tulikuta wanaume wa huko wanatusubiri. Mmoja wao akashika usukani wetu, wale wa Buffalo wakageuza.

"Umenivua nguo mbele ya bakristo," mume wangu akaninong'oneza tukiwa kwenye kiti cha nyuma.

"Ndiyo. Na uko muzima."

Akanuna mpaka akalala. Tulipofika nyumbani aliingia akiwa macho, akaomba chakula, akala mezani na watoto wake. Nililia jikoni kwa furaha. Mpaka leo wanamsindikiza hivyo, na wa Louisville hukutana na wetu Cincinnati.

Mwanangu, mheshimu mumeo, lakini usimfichie uchovu wake. Atakuomba unyamaze kwa ajili ya jina la kanisa. Usikubali. Waambie watu anaowahudumia, maana wengi wao wako tayari kusaidia, hawajaombwa tu. Atanuna, ndiyo. Mwache anune akiwa hai.

Mungu aibariki nyumba yenu. Popote atakapomtuma mumeo, ampe wa kwenda naye, na amrudishe kwako akiwa bado na nguvu ya kucheza na watoto wenu.