Jaketi la kocha

Leo mkurugenzi wa ufundi wa klabu yetu kamvua kocha jaketi mbele ya wachezaji wote.

Ndiyo, kocha yuleyule aliyemfundisha mpira hapahapa Mwankoko!

Alianza na adabu zote: "Shikamoo, mwalimu."

Mzee akaitikia marahaba huku anatabasamu.

"Kuanzia leo timu si yako tena. Na hilo jaketi ni la klabu."

Jamani, upepo wa Singida mnaujua. Mzee akalivua, akalikunja vizuri, akabaki na singlendi.

Kila mtu akainamia viatu vyake. Hata mimi, msaidizi wake.

Mkurugenzi akanirushia mimi lile jaketi. "Vaa, anza mazoezi."

Nikavaa. Lilikuwa bado na joto la mzee.

Haya, nitukaneni. Ila limenikaa vizuri kuliko lilivyomkaa yeye.